CD feki ndiyo iliyoleta gemu uswazi

Mnazikumbuka kaseti za gemu, zile zikigoma unazipuliza vumbi? Ndani zina saketi na chipu, ndiyo maana kutengeneza moja kulikula dola kadhaa, na oda ya kiwandani ilichukua wiki kibao. CD ni plastiki tu. Kuizalisha ilikuwa kama dola moja, fasta, na inabeba karibu MB 650. Nintendo 64 iliyotoka 1996 ilibaki na kaseti, na kubwa kabisa ziliishia MB 64. Final Fantasy VII ikahamia PlayStation, ikatoka 1997 kwenye CD tatu.

Ila kukopi kaseti kulitaka kiwanda. Kukopi CD kulitaka kompyuta tu. Fundi akishachomeka chipu kwenye PlayStation, CD feki inasoma freshi. Vibanda vya gemu mitaa kama Buguruni viliishi hivyo: mwenye kibanda anazama Kariakoo, anarudi na Winning Eleven ya bei chee, ikichubuka anafuata nyingine. Madogo tukaunguza hela za sambusa. Waliotengeneza gemu hawakuona hata mia.

Wizi? Ndiyo. Lakini bila huo, wewe ungeijulia wapi Winning Eleven?