Kapita kando ya tanuru: lugha na usalama katika kiwanda cha shaba cha Lubumbashi, 1911–1960

Katika historia ya mji wetu, kiwanda cha kuyeyushia shaba huelezwa kwa tani, kwa mishahara na kwa migomo. Makala haya yanakusudia kukitazama kwa upande mwingine, yaani upande wa maneno. Swali letu ni hili: mtu aliyesimama kando ya tanuru na kuwaamuru wenziwe, aliwaambia nini, kwa lugha ipi, na je, lugha hiyo ilitosha kuwalinda?

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na katikati ya mwaka 1911 tanuru la kwanza likatoa shaba, kwa mawe yaliyochimbwa katika mgodi wa Étoile, pale Kalukuluku. Tanuru lile lilikuwa la aina ya koti la maji. Kuta zake za chuma zilikuwa na tabaka mbili, na kati ya tabaka hizo maji yalipita mfululizo ili ukuta wenyewe usiungue. Kwa juu waliingiza mawe ya shaba, makaa ya koki na mawe ya kulainishia. Kwa chini upepo ulisukumwa kwa nguvu. Na katika tundu lililozibwa kwa udongo ulitoka uji wa shaba.

Asiyeijua kazi hii hudhani kwamba adui ni moto. Mwenye kuijua huogopa maji. Shaba huyeyuka penye joto la digrii 1,085. Maji kidogo yakinaswa chini ya uji huo hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara elfu moja kuliko maji yaliyouzaa. Hapo shaba hurushwa pande zote kama risasi. Kwa hiyo koti linalovuja, kalibu iliyolala nje usiku ikapata umande, hata chombo cha chuma kilichooshwa na kurudishwa kazini kabla ya kukauka, vyaweza kuua. Pamoja na hayo iko hewa ya makaa, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza mtu kabla hajafahamu kwamba amepatwa. Hatari hizi zote zina tabia moja: hutangulia kutoa dalili ndogo, na anayeiona dalili kwa kawaida si mkubwa wa kazi bali yule aliye karibu zaidi na tundu.

Msomaji atauliza mambo haya yanahusu nini masomo ya Kiswahili. Yanahusu sana. Katika miaka ya kwanza, wasimamizi Wazungu wengi walitoka kusini wakisema Kiingereza, na wafanyakazi wengi nao waliajiriwa katika Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Lugha ya amri ilikuwa ile lugha ya migodi ya kusini, iliyochanganya Kizulu, Kiingereza na Kiafrikaans. Baada ya vita vya 1914–1918 kampuni na serikali zilitaka kupunguza nguvu ya kusini, na Kiswahili kikapewa nafasi hiyo. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, ameieleza habari hiyo kwa urefu. Ameonyesha pia jinsi vitabu vidogo vya kuwafundisha Wazungu Kiswahili vya zama hizo vilivyojali mno vitenzi vya kuamrisha: leta, ngoja, fanya upesi.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri hili. Amri husema jambo la kutenda. Haisemi sababu, wala haisemi sharti. Lakini kando ya tanuru karibu kila jambo la maana ni sharti. Maji yakipungua, usiongeze upepo. Kalibu isipokauka, usimimine. Usizibue tundu kabla wenzako hawajaondoka mbele yake. Sentensi hizo zahitaji -ki-, zahitaji -sipo-, zahitaji «kabla». Ama, kwa Kiswahili cha mitaa yetu kisichoipenda sana -ki-, zahitaji «kama». Msimamizi aliyefunzwa kuamrisha tu aliweza kuharakisha kazi. Kuieleza hatari hakuweza.

Kati ya msimamizi huyo na kikosi alisimama kapita. Neno lenyewe lina asili ya Kireno, capitão, nalo lilitembea na misafara ya biashara kabla ya kuingia kiwandani. Hata huku kwenye moto halikuisahau njia ya msafara, kwani kapita wa kwanza alikuwa mtu wa kuhesabu watu na kuwahimiza waende. Kampuni ilimtaka ajue nani yuko kazini na nani hayupo. Tanuru lilimtaka ajue sauti ya maji ndani ya koti. Kazi hizi mbili ni tofauti, na mara nyingi hupingana, kwa sababu ya kwanza hudai mwendo usikatike na ya pili hudai wakati mwingine ukatwe. Mimi naona kwamba aibu nyingi aliyotwishwa kapita katika masimulizi ya wazee ilitokana na mpingano huo kuliko ubaya wa moyo wake. Aliweza kuiona hatari, lakini mamlaka ya kusimamisha tanuru hakupewa.

Sheria nayo haikumsaidia mfanyakazi. Amri ya tarehe 16 Machi 1922 kuhusu mapatano ya kazi iliruhusu aliyevunja mapatano aadhibiwe kama mhalifu. Mtu aliyekataa kusogea karibu na kalibu yenye maji ilimpasa kupima woga wa shaba na woga wa gereza. Tena mapatano ya mwanzo yalikuwa ya muda mfupi. Mtu akiisha kujifunza dalili za tanuru alirudi kwao, na mgeni akaanza upya, pengine kwa kuungua.

Badiliko kubwa lilikuja mnamo 1927–1928, kampuni ilipoanza kuwafunga watu kwa mapatano ya miaka mitatu na kuwaruhusu wakae kambini na jamaa zao. Charles Perrings, katika kitabu chake cha mwaka 1979, amehusisha siasa hiyo na mbinu mpya za uzalishaji, na nadhani amesema kweli: mashini za bei kubwa hazistahimili watu wanaobadilika kila miezi michache. Kiwanda cha umeme cha Shituru, kilichoanza mwaka 1929, kilizidisha haja hiyo. Lakini kwa upande wa lugha tokeo lilipita makusudi ya kampuni. Mluba, Mbemba na Mnyarwanda waliokaa miaka kumi kando ya tanuru moja walijitengenezea Kiswahili cha kuonyana, ambacho hakikuandikwa katika kitabu chochote cha Mzungu. Hapa natofautiana kidogo na wale wanaokiona Kiswahili cha Katanga kuwa ni mtoto wa amri tu. Amri zilikileta kazini. Woga wa pamoja ulikikuza.

Hata majina ya utani yaliyopewa wakubwa yafaa kuhesabiwa hapa. Osumaka Likaka, katika utafiti wake wa mwaka 2009, ameonyesha kwamba majina hayo katika Kongo yalibeba habari kuhusu tabia ya mtu, na mgeni aliyeyasikia alijua mapema ajihadhari na nani. Mimi naona ilikuwa namna ya usimamizi kutoka chini.

Kusema kutoka chini kwa njia iliyo wazi kulikuwa jambo jingine. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi walipogoma, hasa kwa ajili ya mshahara, askari waliwapiga risasi katika kiwanja cha mpira cha Elisabethville. Makumi ya watu walikufa, miongoni mwao Léonard Mpoyo aliyesema kwa niaba yao. Mwaka 1946 ndipo yaliporuhusiwa mabaraza ya kazi ya wenyeji, dhaifu na yenye kuangaliwa sana. Siku hizi Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inadai iwepo kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Imeandikwa kwa Kifaransa.

Kuhusu maneno yenyewe, Edgar Polomé alikichunguza Kiswahili cha Lubumbashi katika miaka ya 1960, na «Vocabulaire» ya André Yav ya mwaka 1965 imetuhifadhia sauti ya watumishi wa nyumbani. Watu wa tanuru hawakupata mwandishi wao. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, mrithi wa kampuni ile, waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, na wengi wa waliojua namna ya kumwonya mwenzako kabla tundu halijazibuliwa walikuwa miongoni mwao. Baadhi yao bado wako Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na mwanafunzi mwenye daftari aweza kuwafikia kwa miguu.