Walioisoma Hamira kwa Umbo Lake

Mwaka 1837 Charles Cagniard-Latour huko Ufaransa na Theodor Schwann huko Ujerumani walitazama hamira ya bia kwa hadubini, kila mmoja kivyake, wakaona kwamba ule utando wa kwenye pipa ni viumbe hai vinavyochipua. Wakuu wa kemia hawakutaka kusikia. Mwaka 1839 Justus von Liebig na Friedrich Wöhler walitoa makala ya kejeli iliyoichora hamira kama wanyama wadogo wanaobugia sukari kisha kutoa pombe kwa njia ya haja kubwa. Mzaha wenyewe unachekesha hata leo, ila waliokuwa wakicheka ndio waliokosea. Mvutano huo kati ya wanaotazama umbo na wanaopima kemikali ulirudi zaidi ya karne moja baadaye, wanasayansi walipotaka kujua ni protini zipi zinazoiamuru seli igawanyike. Vitabu vingi husimulia habari hiyo kama ushindi wa jeni. Kwangu mimi ni ushindi wa jicho kwanza: hamira inayochipua huweka wazi, kwa umbo lake, mambo ambayo seli nyingine huyaficha ndani.

Vifaa vya kuisoma vilitoka kiwandani. Katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, Emil Christian Hansen alifanikiwa mwaka 1883 kukuza hamira kutoka seli moja tu, ili bia isiharibiwe na aina za porini. Miaka ya 1930, katika maabara hiyohiyo, Øjvind Winge alionyesha kuwa hamira huishi kwa namna mbili, yenye seti moja ya kromosomu au yenye seti mbili. Jambo hili lina uzito kuliko linavyosikika. Seli yenye seti moja haina nakala ya akiba, hivyo jeni ikiharibika kasoro hujitokeza mara moja. Na kwa kuzijamiisha hamira mbili mtafiti anaweza kujua kama kasoro zao zinatokana na jeni moja au mbili tofauti.

Mwanajenetiki Leland Hartwell alikuwa na hamu ya kuelewa saratani, lakini seli za wanyama zilikuwa ngumu mno kuchunguzwa kwa njia hiyo ya kuzalisha na kulinganisha. Akageukia hamira, na mwaka 1968 akahamia Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Aliharibu jeni bila kuchagua, kisha akatafuta seli zinazokua vizuri kwenye nyuzijoto 23 lakini hukwama zikipelekwa 36. Hilo peke yake lingempa rundo la seli zinazougua kwa sababu elfu. Kilichochambua rundo hilo ni chipukizi. Seli ya hamira huanza kutoa kichipukizi karibu na wakati inapoanza kunakili DNA yake, nacho huendelea kukua hadi kinapojitenga, kwa hiyo ukubwa wake ni kama akrabu ya saa. Katika chupa ya kawaida utakuta kila saizi: seli zisizo na chipukizi, zenye nukta ndogo ubavuni, zenye mtoto anayekaribia kumfikia mama. Hartwell na mwanafunzi wake Brian Reid walipiga picha za seli zenye kasoro kabla na baada ya kuzipandishia joto. Nyingine zilisimama ovyo. Lakini chache, baada ya saa kadhaa, zilisimama zote katika umbo lilelile. Makala ya kwanza ilitoka 1970, na kufikia 1973 orodha ilikuwa na jeni 32, zikiitwa CDC na kupewa namba.

Hapa mtu wa kemia atapinga, na ana hoja. Umbo lilitoa majina tu. Picha hazikuweza kueleza kwamba CDC28, jeni ambayo ikiharibika seli hukwama kabla hata ya kuchipua, hutengeneza kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine. Hilo lilithibitishwa katikati ya miaka ya 1980, kwa vipimo. Wala hamira haikutupa saiklini, zile protini zinazojikusanya na kuvunjwa kila mgawanyiko. Tim Hunt alizigundua mwaka 1982 kwenye mayai ya viumbe wa baharini huko Woods Hole. Nakubali yote hayo. Lakini fuatilia upande wa pili. Tangu mwaka 1971 ilijulikana kuwa ndani ya mayai ya chura kuna kitu kinachoyasukuma yagawanyike, na wanakemia wakahangaika miaka mingi kukisafisha. Walipofaulu, mwaka 1988, sehemu yake moja ilikuwa mwenzake CDC28, protini ambayo watu wa hamira walikuwa tayari wanaijua kazi yake. Kemia ilieleza, ila umbo ndilo lililoonyesha mahali pa kuchimba.

Ushahidi ninaouona mzito zaidi hausimuliwi sana. Ndani ya orodha ileile ya mgawanyiko zilijificha jeni zinazohusu kitu kingine: uelekeo, yaani namna seli inavyoamua upande upi ukue na upi utulie. Jeni ya CDC24 ikishindwa, seli hailali. Huvimba ikawa tufe kubwa bila chipukizi lolote, viini vikaongezeka ndani ya tumbo moja, na kitini, kijenzi cha ukuta wa seli ambacho kwa kawaida huwekwa kama pete pale chipukizi linapoota, ikatapakaa ukuta mzima. Maelezo ya kundi la John Pringle kuhusu seli hizo, tangu 1978, yaliongoza hadi kwenye protini ya Cdc42. Leo tunajua kuwa Cdc24 ndiyo huiwasha Cdc42, nayo Cdc42 ikikusanyika sehemu moja ya utando huita nyuzi za aktini, na vifaa vya kujengea huelekezwa hapo. Jeni nyingine nne, CDC3, CDC10, CDC11 na CDC12, zilitupa septini, nyuzi zinazozunguka shingo ya chipukizi. Mtu anayepima mgawanyiko kwa kemikali peke yake asingekuwa na sababu ya kuyaweka haya kapu moja. Hartwell aliyaweka kwa kuwa jicho lake halikutenganisha kuchipua na kugawanyika, na ikaja kuonekana kuwa seli nayo haitenganishi. Mwaka 1993 Daniel Lew na Steven Reed walionyesha kuwa Cdc28 ikishikana na saiklini za mwanzo, ukuaji huelekezwa kwenye ncha moja. Ikishikana na zile za baadaye, chipukizi hutanuka pande zote. Kisha wakaonyesha pia kuwa seli iliyoshindwa kuchipua huchelewesha mgawanyo wa kiini chake, ingawa si milele, ndiyo maana zile za CDC24 huishia na viini vingi.

Pingamizi la mwisho ni kwamba binadamu hachipui. Jibu lilianza kwa Paul Nurse, aliyekuwa akifanya kazi na hamira ya namna nyingine, isiyochipua bali inayokatika katikati, ambayo Paul Lindner aliitoa kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki na kuipa jina la pombe hiyohiyo mwaka 1893. Mwaka 1982 ilibainika kuwa jeni yake ya cdc2 na CDC28 zinaweza kufanya kazi ileile, na mwaka 1987 Melanie Lee na Nurse walitumia jeni ya binadamu kuiokoa hamira ambayo cdc2 yake ilikuwa mbovu. Hartwell, Hunt na Nurse walishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hata hivyo pingamizi halifi kabisa. Hamira huendesha mgawanyiko wake kwa Cdc28 moja inayobadilisha saiklini 9, ilhali sisi tumegawa kazi hiyo kwa vimeng'enya kadhaa. Dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 hulenga viwili kati ya hivyo, CDK4 na CDK6, navyo ilibidi vitafutwe kwenye seli za wanyama wenyewe.