Daftari za Mazishi za Korogwe na Handeni

Jumapili ya tarehe 22 Machi 2020 nchi mbili jirani zilishika njia tofauti. Nairobi, serikali ilitangaza kusimamisha ibada za pamoja makanisani na misikitini. Dodoma, Rais John Magufuli alisimama kanisani akasema nyumba za ibada Tanzania hazitafungwa. Zilikuwa zimepita siku sita tu tangu Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, amtangaze mgonjwa wa kwanza wa korona, Mtanzania aliyetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Shule zilikwishafungwa, vyuo navyo, ligi ya mpira imesimama. Kengele za kanisa ziliendelea kulia.

Korogwe ilikuwa na sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Mji huu ni makao ya Dayosisi ya Tanga ya Kanisa Anglikana, na askofu wake wa wakati huo, Maimbo Mndolwa, ndiye aliyekuwa Askofu Mkuu wa Waanglikana wa Tanzania nzima tangu 2018. Uingereza, kwenye chimbuko la kanisa hilo, makanisa yalifungwa kabisa, hata padre akaambiwa asali nyumbani kwake. Mkutano wa maaskofu wa Lambeth uliopangwa kufanyika 2020 ukasogezwa hadi 2022. Hapa nchini, Askofu Benson Bagonza wa KKKT Karagwe na Askofu Severine Niwemugizi wa Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara waliamua wenyewe kusitisha ibada za pamoja kwa muda. Kwingi kwingine milango ilibaki wazi.

Mlango ukiachwa wazi bila amri, mzigo wa kuamua unashuka. Unatoka kwa waziri, unampita askofu, unamfikia padre, na mwisho unatua mabegani mwa wazee wa kanisa wa mtaa mmoja wenye paa la bati na mabenchi kumi. Nani atamwambia bibi wa miaka themanini abaki nyumbani, naye hajakosa Misa tangu apate kipaimara? Nani atawaambia wanakwaya wasimame mbalimbali, wakati sauti ya nne inamsikiliza mwenzake ndipo ishike? Sijaona bado historia ya korona Tanzania iliyoandikwa kuanzia kwa watu hawa, na naamini hapo ndipo inapopaswa kuanzia.

Tuanze na ndoo. Ndoo ya plastiki yenye koki, imewekwa juu ya kigoda mlangoni, beseni chini yake, kipande cha sabuni ya mche kimewekwa kwenye kisahani au kimeviringishwa kwenye wavu ili kisipotee. Picha hiyo ilikuwa ile ile nchi nzima, ila Handeni ilikuwa na gharama yake. Handeni, jirani ya Korogwe, ni wilaya ya kiu. Tangu miaka ya 1970 inategemea mradi mkubwa wa HTM, unaovuta maji Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapandisha kwa mabomba na pampu hadi Chanika na vijiji vya njiani. Pampu ikiharibika, dumu moja la maji linapimwa kati ya uji wa watoto, mbuzi na kuoga. Kuijaza ndoo ya kanisani kwa ajili ya mikono ya watu mia mbili ilikuwa sadaka, tena sadaka ya akina mama, maana ndio waliojitwika madumu kichwani alfajiri ya Jumapili. Ukihesabu matoleo ya mwaka 2020 bila kuyahesabu maji hayo, umehesabu nusu.

Ndani mambo yalibadilika kidogo kidogo. Mkono wa amani ukaondoka, watu wakainamiana vichwa. Kapu la sadaka halikuzungushwa tena, liliwekwa mbele na kila mtu akalifuata. Barakoa za vitenge, kazi ya mafundi cherehani wa sokoni, zilivaliwa, zikashushwa kidevuni wakati wa kusoma somo, zikapandishwa tena. Lililogusa wengi zaidi lilikuwa kikombe. Ukristo wa Kianglikana wa Tanga ni wa mapokeo ya UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, wenye ubani, Misa na kikombe kimoja kinachopita mdomo kwa mdomo. Kikombe hicho ni imani yenyewe, kwa maana ndipo mkulima wa Sindeni na mkurugenzi wa halmashauri wanapokunywa pamoja. Katika makanisa mengi ya Kianglikana nchini, padre alianza kuchovya mkate kwenye divai na kuwapa watu mkononi, au kuwapa mkate peke yake. Kwa mgeni hilo ni badiliko dogo. Kwa aliyefundishwa katekisimu kwenye mabenchi yale, lilikuwa ni kuondolewa kitu alichokuwa akikingoja wiki nzima.

Jumapili ya Matawi ilikuwa tarehe 5 Aprili, Pasaka tarehe 12. Kuanzia tarehe 17 hadi 19 mwezi huo huo taifa zima liliitwa kwenye siku tatu za maombi. Tarehe 8 Mei ikatoka hesabu iliyokuja kuwa ya mwisho kwa zaidi ya mwaka mzima: wagonjwa 509, waliokufa 21. Baada ya hapo serikali ilinyamaza kuhusu idadi. Mwezi Juni Rais alisema maombi yamesikika na nchi imepona.

Kabla ya kurudi kwenye ukimya huo, inafaa kukumbuka kwamba ardhi hii imewahi kupita njia za namna hiyo. UMCA ilianza Magila, panapoitwa Msalabani, miaka ya 1860, na katika miaka ya 1890 ikawa imejenga Korogwe, ukingoni mwa mto. Muongo huo ulikuwa wa mateso kwa Uzigua. Sotoka iliua ng'ombe, nzige wakala mashamba, njaa ya katikati ya muongo ikafuatwa na ndui. Mwanahistoria James Giblin, aliyeichunguza Handeni kwa miaka mingi, ameonyesha jinsi misiba hiyo ilivyovunja mpango mzima wa maisha wa Wazigua: mapori yalirudi, mbung'o wakarudi nayo, na watu wakatawanyika kutafuta chakula. Misheni zilikuwa miongoni mwa mahali walipokimbilia. Kwa hiyo wengi wa wazee wa kwanza wa makanisa haya waliingia kwenye uzio wa misheni wakiwa na njaa au homa kabla hawajawa na swali lolote kuhusu Utatu. Sioni aibu yoyote katika hilo. Kanisa lililoanza kwa kugawa chakula na kufunga vidonda linajua kazi yake.

Reli ilifika Korogwe mwaka 1902. Ikaja na mkonge, mkonge ukaleta manamba kutoka kila kona ya nchi, na manamba wakaja na madhehebu yao na maradhi yao. Kisha vita. Mwaka 1914 Wajerumani waliwakamata wamisionari wa Kiingereza na kuwapeleka bara, na walimu Waafrika wa misheni nao wakashukiwa kuwa wapelelezi. Martin Kayamba, Mbondei aliyekuja kuwa mtumishi mkubwa wa serikali ya Tanganyika, alikuwa miongoni mwa waliofungwa, na amesimulia mwenyewe mateso hayo hadi ukombozi wa Tabora mwaka 1916. Juni ya mwaka huo jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliteremka kando ya Pangani, likaichukua Korogwe, kisha Handeni.

Nyuma ya jeshi walikuwa wapagazi. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar ambaye dayosisi yake ilifika hadi huku, aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi mwaka 1916. Wapagazi wengi wa vita ile walikufa kwa kuhara, malaria na uchovu. Vita ilipokaribia kwisha, mwaka 1918, homa iliyoua mamilioni duniani ikaingia Afrika Mashariki kwa meli, ikapanda treni, ikawakuta watu waliokwishadhoofishwa na njaa na kubeba mizigo. Makumi ya maelfu walikufa Tanganyika. Maofisa wa jeshi walipata makaburi yenye majina. Mwezi Aprili 2021, wakati sisi tukiwa bado katikati ya korona, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Baba zetu wa Korogwe na Handeni wamo humo. Tumepokea ungamo hilo baada ya miaka mia, na hakuna aliyebaki wa kututajia majina.

Hili linauma zaidi ukijua kwamba Wakristo wa upande huu walikuwa waandishi. Tangu 1888 misheni ilikuwa na gazeti la Kiswahili, Msimulizi, lililokusanya habari za vituo kutoka kwa walimu na wanafunzi Waafrika wenyewe, na Magila ikafuata na Habari za Mwezi. Nani amebatizwa, nani ameoa, mvua imekuwaje, ugonjwa gani umeingia. Mwalimu wa kijijini alijiona ana wajibu wa kuandika.

Urithi mwingine wa misheni ile ni kutotenganisha altare na mwili wa mgonjwa. Mwaka 1911 Weston alianzisha shirika la masista wa Mateso Matakatifu, na masista hao ndio waliozunguka na dawa kwenye vituo vya dayosisi. Kwamkono, wilayani Handeni, palijengwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko na kando yake hosteli ya watoto waliopooza kwa polio. Mtoto aliyeletwa akitambaa alifanyishwa mazoezi, akavalishwa vyuma vya miguu, akasimama, akapelekwa shule, na Jumapili akaingia kanisani kwa magongo pamoja na wenzake. Hakuna aliyeuliza kama ile ni hospitali au ni ibada. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili Tanzania alionekana 1996, na nchi ikapewa cheti mwaka 2015. Chanjo ndiyo iliyofanya kazi hiyo, na wazazi wa Handeni waliona kwa macho yao watoto wa kabla ya chanjo na watoto wa baada yake.

Korogwe nayo ina hadithi yake ya chanjo. Watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, walioko mjini hapa walishiriki kuijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, kwanza pamoja na Kilifi ya Kenya, baadaye katika jaribio kubwa la vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Akina mama wa vijiji vya Korogwe walipeleka watoto wao, wakasubiri, wakarudi tena walipoitwa. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa Afrika. Miezi miwili na kitu kabla, tarehe 28 Julai, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa amechanjwa hadharani Ikulu kuzindua chanjo ya korona, huku baadhi ya wahubiri wakiipinga kwenye mimbari. Wilaya hizi mbili zilikuwa na hoja nzito zaidi ya kuwajibu wahubiri hao kuliko wilaya nyingi nchini. Natamani ingesikika kwa sauti kubwa zaidi.

Kabla ya chanjo hiyo, wimbi lililoumiza lilikuwa la mwanzo wa 2021. Tarehe 17 Februari, siku aliyofariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki pia Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi, mwana wa Korogwe, akazikwa nyumbani. Kwenye kumuaga Dar es Salaam, Rais Magufuli aliitisha tena siku tatu za maombi. Katibu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, Padre Charles Kitima, alisema mwanzoni mwa Machi kwamba kwa miezi miwili kanisa lake limepoteza mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60. Mtaani neno lilikuwa "changamoto ya upumuaji". Nyungu za mchaichai, mwarobaini na mkaratusi zilifuka kila kitongoji. Misiba ilikuwa ya wote kama ilivyo desturi ya Uzigua, Waislamu wakichimba kaburi la Mkristo na Wakristo wakifuata jeneza la Mwislamu, na huenda ni kwenye misiba hiyo ugonjwa ulipita zaidi kuliko kwenye ibada yenye ndoo mlangoni.

Sasa turudi kwenye ule ukimya. Serikali iliacha kutoa hesabu, kanisa halikuacha kuandika. Kila parishi inayo, kwenye kabati la ofisi au sakristia, daftari ya ubatizo, ya kipaimara, ya ndoa na ya mazishi. Jina, umri, tarehe, padre aliyezika. Mwanahistoria Shane Doyle alitumia daftari za parokia za Buhaya, Buganda na Ankole kuonyesha mabadiliko ya uzazi na vifo ya karne ya 20 ambayo takwimu za serikali hazikuyashika. Kinachowezekana Bukoba kinawezekana Kideleko, Kwamkono, Manundu na Mnyuzi. Linganisha mazishi ya Januari hadi Aprili 2021 na ya miezi hiyo hiyo ya 2018 na 2019, na jibu litatokea lenyewe, bila kumsingizia marehemu yeyote ugonjwa ambao hakupimwa.

Daftari ya mazishi haitoshi yenyewe, maana haisemi nani alijaza ndoo, nani alimpelekea mgonjwa Komunyo nyumbani, mkutano upi wa wazee uliamua kupunguza kwaya. Hayo yako kwenye vichwa vya watu walio hai, na walio wazee zaidi kati yao ndio wenye mengi. Dayosisi ina walimu wastaafu wengi wenye hati nzuri na muda. Wapewe daftari mpya, kila mtaa moja, wakae na wazee wa kanisa, mpiga kengele na wachimba makaburi, waandike miaka 2020 na 2021 mwezi kwa mwezi. Na kwenye daftari za zamani, pale safu ya sababu ya kifo ilipoachwa wazi, familia ikiridhia, maelezo yaongezwe pembeni kwa kalamu ya risasi, pamoja na jina la aliyeongeza na tarehe.