Nani Alichoma? Neno Moja na Mpaka Wetu wa Chepilat

Wasee, leo nina neno moja tu. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo msitarajie tasnifu. Lakini historia sijaacha kusoma.

Mwingereza ana neno stab: kudunga kwa kitu chenye ncha. Akitaka kuzungumzia moto, anatafuta neno lingine kabisa. Sisi tunatumia lile lile. Kisu kinachoma, mwiba unachoma, nesi anakuchoma sindano. Maneno pia yanachoma. Jumamosi tunachoma nyama. Ukijiaibisha mbele ya watu, wanakwambia umechoma. Na mtu mwenye chuki anachoma nyumba.

Mimi ni wa Chepilat, mpakani mwa Bomet na Nyamira. Baba ni Mkipsigis, mama ni Mgusii. Huku kwetu ncha na moto zimefuatana mara mbili, na kati yake ni miaka mia moja.

Ya kwanza ni 1908, huko Kisii. Waingereza walikuwa wanatwaa ng'ombe wa watu. Januari mwaka huo, Otenyo Nyamaosi akamchoma mkuki G. A. S. Northcote, ofisa wa serikali ya kikoloni. Wazee wanasema nabii Moraa Ng'iti ndiye aliyewatia vijana moyo. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo alikamatwa na kuuawa. Halafu askari wa King's African Rifles wakaja, wakachoma nyumba, wakaswaga mifugo, wakaua watu wengi hadi Winston Churchill mwenyewe, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni kule London, akalalamika. Aliyechomwa mkuki ni mtu mmoja. Waliochomewa nyumba hawakuwa wameshika mkuki.

Ya pili ni 2008. Nchi ilikuwa inawaka tangu uchaguzi wa Desemba 2007. Tarehe 31 Januari, mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, aliuawa kwa risasi Eldoret na askari wa trafiki. Askari huyo alikuwa Mgusii, na hilo likatosha. Mpakani kwetu vijana wa pande zote mbili wakatoka na mishale na mapanga. Watu wakachomwa mishale, maduka na nyumba zikachomwa moto. Mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi tarehe 28 Februari. Tume ya Waki baadaye ilihesabu waliokufa nchi nzima: 1,133.

Mimi nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka moshi, na mgongo wa mama.

Mama alikuwa na duka la mahindi na sabuni. Miaka hii yote sijawahi kumsikia akisema, "Duka lilichomwa." Yeye husema, "Duka liliungua." Nilidhani ni mazoea ya kuongea tu, mpaka juzi nilipokaa kuandika haya. Kuchoma lazima kuwe na mtu. Kuungua hakuna mtu, kitu kinaungua tu, kama sufuria ya ugali uliyoisahau jikoni.

Nikamwambia, "Mama, sema ukweli. Lilichomwa."

Akaendelea kuchambua mboga. Kisha akaniuliza, "Nikikutajia aliyechoma, mwanangu, kesho utamuamkia?"

Sikuwa na jibu. Maana yake anamjua. Pengine nami namjua, pengine ananiuzia maziwa.

Namheshimu mama, na naelewa kwamba neno lake limetusaidia kuishi na majirani. Lakini mimi nasema tutumie neno lenye mtu. Si ili tulipize. Ni kwa sababu uchaguzi wa 2027 unakuja, na tayari naona vijana wa umri wangu wakiandika mtandaoni "tutawachoma", halafu wanaweka kicheko. Hawa wamelelewa na wazazi waliosema duka liliungua. Wanadhani moto huja wenyewe na kwenda wenyewe, kama mvua ya mawe kwenye majani chai.

Haukuja wenyewe. Kuna mkono uliowasha kiberiti, na kuna mkono uliovuta upinde, pande zote mbili.

Nyumbani kwenu wazee wanasemaje: iliungua, au ilichomwa? Waulizeni leo, mkiwa bado mnao.