Waya wa antena: usiifanyie bahili redio ya chombo chako

Mwenye chombo akienda kununua redio ya baharini huuliza bei ya redio na urefu wa antena. Waya wa kuunganisha viwili hivyo hununuliwa kwa chenji iliyobaki. Hapo ndipo wengi hukosea. Redio nzuri ikifungwa waya duni, siku ya dhiki sauti huishia mlingotini.

Redio ya VHF ya kufungwa chomboni hutoa wati 25. Chaneli ya kuitia msaada ni 16, yaani megahezi 156.8. Mawimbi yake huenda takriban kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo antena ikikaa juu huona mbali. Ikiwa mita 2 juu ya maji, upeo wake ni kama kilomita 6. Ikiwa mita 12, ni kama kilomita 14, na antena ya unayemwita ikiwa juu pia, mtasikizana mbali zaidi. Lakini kupanda juu kunataka waya mrefu, na kila mita ya waya hula nguvu.

Tuseme kutoka redioni hadi kichwa cha mlingoti ni mita 20. Waya mwembamba wa RG-58, wenye unene wa milimita 5, utafikisha kwenye antena kama wati 10 tu kati ya 25. RG-8X, ulio mnene kidogo, utafikisha kama nusu. RG-213, wenye milimita 10, utafikisha wati 16 hivi. LMR-400 hufikisha kama 20, ila aina yake ya kawaida ina uzi mmoja mgumu katikati na haipendi kukunjwa wala kutikiswa.

Basi kanuni ni hii. Mashua yenye waya usiozidi mita 10, RG-8X inatosha. Ikizidi hapo, chukua RG-213, ukikubali uzito wake mlingotini. RG-58 iache kwa mita mbili tatu tu. Waya wa televisheni usiuguse hata ukipewa bure: wake ni wa omu 75, na redio yetu inataka omu 50.

Dukani, omba waya wa shaba iliyopakwa bati. Chumvi yetu haina huruma. Shaba tupu hugeuka kijani ndani ya ganda na nguvu hupotea bila wewe kuona. Maji huingilia kwenye maungio, kwa hiyo maungio yawe machache, yalehemiwe vizuri, kisha yazungushiwe tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Chini, kabla waya haujaingia ndani, uache ulegee kidogo kama kitanzi ili matone yaangukie nje.

Kwenye jahazi kuna jambo jingine. Foromali na tanga huhama upande wakati wa kugeuza, na henza hukwaruza. Waya ufungwe kwa kushikizwa mlingotini kila baada ya nusu mita, mahali ambapo kamba haipiti, wala usikunjwe kwa pembe kali.

Ukimaliza, fundi apime kwa kipimo cha SWR. Ikisoma chini ya 1.5 ni vizuri, ikizidi 2 kuna tatizo. Usibonyeze kusema kabla antena haijaungwa, utaiunguza redio. Kisha mwite nahodha mwenzako aliye mbali, kwa chaneli ya kazi na si 16, umuulize anakusikiaje. Rudia kila mwaka kabla ya kusi kuanza.

Wazee walisema rahisi hugharimu. Na dini imetufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha ndipo tutawakali. Baharini, waya huu ni sehemu ya kamba hiyo.