Shule ya farmasia ku chuo kikuu cha serikali: inafunguliwa namna gani, na inatugusa juu ya nini?

Shule ya farmasia ni fakilte, ama idara ndani ya fakilte ya udaktari, inayofundisha watu kutengeneza dawa, kuzipima, kuzitunza na kuzigawa. Anayetoka pale na diplome ya chuo kikuu anaitwa mufarmasia. Si sawa na muuzaji wa farmasi ya kartie, wala si sawa na muganga. Muganga anatafuta ugonjwa. Mufarmasia anajua dawa yenyewe: imetengenezwa na nini, inaharibika namna gani, inagombana na dawa gani nyingine, na kama kilichoandikwa juu ya kartoni ndicho kiko ndani ya kidonge.

Ku Keshero, kama ku makartie mengine ya Goma, watu wengi wanaanzia ku farmasi mbele ya kufika ku hopitali. Ndiyo sababu swali la nani anafundisha wafarmasia, na wapi, si la wasomi peke yao.

Funzo la Ituri

Kati ya mwisho wa mwaka 2014 na Agosti 2015, kule Ituri, watu zaidi ya 1.000 walishikwa na ugonjwa wa ajabu. Shingo ilijikunja, ulimi ukatoka inje, misuli ya uso ikakaza. Wakubwa kwa watoto. Mwanzoni waganga walifikiri ni meningite. Watu 11 walikufa.

Haikuwa meningite. Wagonjwa walikuwa wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza mwili na kuleta usingizi. Ndani yake kulikuwa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, ambayo ikizidi inakaza misuli hivyo hivyo. Ili kupata ukweli, ilibidi kupeleka vipimo ku labo za inje ya nchi. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa tangazo la kuonya mwaka 2015, miezi mingi kiisha wagonjwa wa kwanza kuonekana.

Mwaka 2017 OMS ilisema kwamba katika nchi zenye mapato ya chini na ya kati, karibu dawa moja kwa kumi ni ya uongo ama haina kiwango. Labo ya karibu, yenye watu wanaojua kupima, inaweza kufupisha miezi ikawa siku. Labo ya namna hiyo, mara nyingi, inazaliwa ndani ya shule ya farmasia.

Wengine walianza namna gani

Kwa majirani wetu, karibu wote walipita njia moja. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha farmasia mwaka 1974, kama idara ndani ya fakilte ya udaktari. Ilifikia kuwa fakilte yenyewe mwaka 1995, kiisha miaka 21. Dar es Salaam nayo ilianza mwaka 1974, kule Muhimbili, chini ya fakilte ya udaktari. Leo ni shule kamili ndani ya chuo kikuu cha MUHAS. Makerere, ku Uganda, ilifungula idara yake mwaka 1988.

Kwetu Kongo, Kinshasa na Lubumbashi ziko na fakilte za farmasia zinazosimama zenyewe. Ku Bukavu, chuo kikuu cha serikali, UOB, kimeweka udaktari na farmasia ndani ya fakilte moja.

Kuna sababu ya kuanza chini ya udaktari. Mwanafunzi wa farmasia na wa udaktari wanaweza kusoma pamoja kemia, biolojia, na namna mwili unavyofanya kazi. Walimu ni wale wale, hopitali ya estaje ni ile ile. Chuo kinachoanza hivyo hakijengi kila kitu siku moja. Ku Goma, chuo kikuu cha serikali, UNIGOM, kiko tayari na fakilte ya udaktari.

Vitu vinavyoombwa

Ruhusa. Ku Kongo, fakilte mupya inaomba arrêté ya waziri wa masomo ya juu, ESU. Chuo kinaonyesha programu, walimu, majengo na pesa. Wizara ya afya nayo inaguswa, kwa sababu kazi ya mufarmasia iko chini ya sheria, na iko na Ordre yake inayoandikisha wafarmasia.

Walimu. Hapa ndipo penye ugumu mukubwa. Kemia ya jumla inaweza kufundishwa na walimu waliopo. Lakini kuna masomo yanayoomba mutaalamu mwenyewe: galenike, ni kusema namna ya kugeuza unga kuwa kidonge ama sirupu, farmakolojia, sumu, mimea ya dawa, na sheria ya dawa. Walimu wakitoka Kinshasa ama Bukavu kufundisha wiki mbili na kurudi, kila njia ikifungwa masomo yanasimama. Januari 2025 vita vilifika ndani ya muji na uwanja wa ndege ukafungwa. Kwenda Kinshasa ikaomba kupita nchi jirani. Kwa hiyo dawa ya kweli ni kutuma vijana wa hapa kusoma masta na doktora mapema, mbele ya shule kufungula mulango.

Labo. Umeme usiokatika na maji safi ni sharti la kwanza, na kila mutu wa Goma anajua ugumu wa maji katika muji huu ulio kando ya ziwa. Mashine kubwa za kromatografia ni za bei kali. Kwa kuanza kuna masanduku madogo kama GPHF-Minilab, yanayoweza kugundua dawa nyingi za uongo bila mashine kubwa. Hayachukui nafasi ya labo kamili, lakini mwanafunzi anajifunza kazi kwa mikono.

Estaje. Masomo ni miaka mitano ama zaidi, na sehemu yake inafanyika ku hopitali, ku farmasi, ku depo na ku kiwanda. Goma iko na ASRAMES, inayogawa dawa za lazima ku hopitali na vituo vya afya. Bukavu iko na Pharmakina, inayotoa kinini ndani ya maganda ya muti wa kinkona unaolimwa hapa Kivu.

Kitu kisichosahauliwa

Shule moja haitaweka mufarmasia ku kila kona ya Keshero. Kazi nyingi za kila siku zitabakia kwa wasaidizi wa farmasi, wanaosoma ku ITM ama ISTM kwa muda mufupi zaidi. Wafarmasia wachache wakipatikana, faida yao kubwa itakuwa kusimamia, kupima na kufundisha wale wengine. Na kama hakuna kazi yenye mushahara ku hopitali za serikali, wanaomaliza wataenda ku mashirika ama kuvuka mupaka, na pesa ya kuwafundisha itakuwa imesaidia wengine.

Maswali ya muzazi

Kama chuo chochote kinamwita mutoto wako kusoma farmasia, uliza mambo manne mbele ya kulipa minervale: Arrêté ya ESU kwa ajili ya farmasia iko, na ni namba gani? Walimu wa kudumu ni wangapi? Labo iko wapi, na inaweza kuonwa? Estaje inafanyika hopitali gani? Chuo chenye majibu kitayatoa bila kukasirika.