Kilwa Kisiwani: Mji Uliojengwa kwa Vitu vya Bahari

Leo na twende Kilwa Kisiwani, katika pwani ya kusini ya Tanzania. Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko utaona Msikiti Mkuu na kuba zake, na juu ya mwamba jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Jumba hilo ni la zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331.

Je, vitu vya kujengea vilitoka wapi? Vingi vilitoka baharini. Matumbawe yalikatwa majini yangali laini, yakachongwa mihirabu na vizingiti. Yakikauka huwa magumu. Mengine yalichomwa kwa kuni yakawa chokaa. Dari zilibebwa na boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba, upana wake kadiri ya mita 2 na nusu hadi 3: boriti haikuweza kubeba dari pana zaidi. Mkoko ndio uliompimia fundi chumba chake.

Zamani wako walioandika kwamba mji huu uliletwa na wageni, ukiwa kamili. Lakini udongo una ushahidi wake. Katika miaka ya 1960 Neville Chittick alichimba hapo tabaka kwa tabaka, naye mchimbaji ajua kwamba tabaka la chini ni la kale kuliko la juu. Chini kabisa hakukuta nyumba za mawe. Palikuwa na mabaki ya nyumba za miti na udongo, mifupa ya samaki na mavi ya chuma. Juu yake ndipo zikaja kuta za mawe, vyombo vya China na sarafu za shaba. Basi walioanza ni wavuvi na wahunzi. Biashara ya ng'ambo ilikuja ikawakuta hapo, ikawatajirisha.

Mwaka 1981 Kilwa iliandikwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 ikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakila ufuko na kuta. Baada ya kazi ya kuyatengeneza magofu, ilitolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Lakini bahari haijaacha kupiga, na mkoko ulio hai ufukweni huvunja nguvu ya wimbi kabla halijafika ukutani. Mti uliobeba dari za wazee wetu ndio huo huo unaolinda kuta zao.

Sasa, ninyi mlio katika vikundi, jadilianeni: katika kijiji chenu, nyumba za zamani zilijengwa kwa vitu gani, na vitu hivyo vingalipo? Waulizeni wazee kabla ya somo lijalo. Kwaherini.